Nilivyonunua nyumba Malindi yenye sola ya kukodi

Ukizunguka Casuarina au Silversands kutafuta nyumba, dalali atakuonyesha bwawa, atakuonyesha mivinje, kisha atanyoosha kidole juu: "Na sola ipo, mzee wangu. Habari za stima kupotea utazisikia kwa jirani." Asichokwambia, na mara nyingi hata yeye hajui, ni kwamba paneli zile huenda si za muuzaji. Ni za kampuni, zimewekwa kwa mkataba wa miaka, na kila mwezi lazima pesa zitumwe kwa Paybill, namba ya malipo ya M-Pesa, ili inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani, iendelee kuwaka. Nyumba niliyonunua mimi ilikuwa hivyo: paneli 6 za wati 550 juu ya paa la zege, inveta ya kilowati 5 na betri moja ya lithiamu ya uniti 5 na kidogo. Niliuhesabu mtambo ule kuwa deni la muuzaji tangu mwanzo, na hatua zote nilizochukua zilitokana na hesabu hiyo.

Kuutambua si kazi. Nenda kwenye inveta, tazama ubavuni na chini yake, mahali ambapo watu hawapigi rangi. Mtambo wa kukodi huwa na kibandiko cha kampuni chenye namba ya mkataba, na mara nyingi kuna kijiti kilichochomekwa chenye laini ya simu ndani. Kijiti hicho hupeleka taarifa kwa kampuni, na kwa mitambo mingi ndicho kinachopokea amri ya kufunga inveta malipo yakikatika. Ukiambiwa sola ni ya muuzaji, omba risiti ya ununuzi na karatasi ya waranti yenye jina lake. Akianza kuzungusha maneno, ushajua.

Usitegemee upekuzi wa hati ya nyumba. Hati yangu ilirudi safi: hakuna benki wala zuio, na neno sola halikutajwa popote. Ni sawa, kwa sababu paneli ni mali inayohamishika na daftari la ardhi halishughuliki nazo. Daftari linalohusika ni lile la dhamana za mali zinazohamishika, lililoanzishwa na sheria ya 2017 na linalosimamiwa na Business Registration Service, idara ya serikali ya usajili wa biashara. Unapekua kupitia eCitizen ukitumia namba ya kitambulisho ya muuzaji, au namba ya usajili ikiwa nyumba iko chini ya kampuni. Hilo la pili angalia sana Malindi, maana majumba mengi ya ufukweni yaliyojengwa na Waitaliano yamesajiliwa kwa majina ya kampuni, na ukipekua jina la mkurugenzi hutapata kitu. Marekani, ambako mikataba hii ya sola ilienea mapema, kampuni huandikisha ilani ya namna hiyo iitwayo UCC-1, na wanunuzi wa huko hukwama palepale. Hata daftari likirudi tupu usitulie, kwa kuwa kampuni isiyoandikisha bado ina mkataba na bado ina kile kijiti.

Baada ya hapo unautaka mkataba wenyewe, wote, pamoja na viambatisho. Kampuni haitakupa wewe, kwani sheria ya kulinda data ya 2019 inawabana kutoa habari za mteja kwa mtu mwingine. Niliandaa barua fupi, muuzaji akaitia saini, ikiruhusu kampuni kunijibu mimi na wakili wangu kuhusu mambo matatu: salio, masharti ya kuhamisha mkataba na hali ya malipo. Bila barua hiyo utapigiwa danadana kwenye simu mpaka uchoke.

Katika mkataba, swali la kwanza ni hili: ni kukodi kweli, au ni lipa mdogo mdogo? Watu huchanganya. Kwenye lipa mdogo mdogo, ukimaliza awamu ya mwisho mtambo unakuwa wako. Kwenye kukodi, ukimaliza miaka unabaki na chaguo la kuendelea kulipa, kuununua kwa bei ya wakati huo, au kuwaacha waje kuung'oa. Karatasi mbili zinazofanana kwa kiasi cha mwezi zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Kisha tafuta kifungu cha kupanda kwa kodi. Wangu ulisema shilingi 14,500 kwa mwezi, miezi 36 imebaki, na nyongeza ya asilimia 5 kila mwaka. Dalali alizidisha 14,500 kwa 36 akapata 522,000. Hesabu sahihi ni 174,000 mwaka wa kwanza, 182,700 wa pili, 191,835 wa tatu, jumla 548,535. Tofauti ya 26,535 si ya kuvunja mtu mgongo, lakini mkataba wenye miaka 10 mbele yake ungekuwa hadithi nyingine.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu watu hudhani sola lazima ipunguze gharama. Paneli zile 6 ni wati 3,300. Nilichukua saa 5 za jua kamili kwa siku na kutoa kama asilimia 22 kwa joto, vumbi na upotevu wa inveta: zinabaki karibu uniti 13. Lakini nyumba yangu haina mkataba wa kubadilishana umeme na KPLC, kampuni ya umeme wa gridi, chini ya kanuni za 2024, kwa hivyo uniti isiyotumika mchana wala kuingia kwenye betri inapotea. Tuseme unatumia 8 kati ya hizo 13. Kwa mwezi ni 240, na ukikadiria shilingi 28 kwa uniti pamoja na ushuru na makato, umeokoa tokeni za 6,720. Na kampuni unailipa 14,500. Kinachobaki ni bei ya kutokaa gizani, na kila mtu anajua mwenyewe giza linamgharimu kiasi gani. Mwenye friji za samaki atalipa bila kuuliza. Mwenye nyumba ya kuja Desemba tu angefikiri mara mbili.

Vifungu vingine viwili visikupite. Kimoja ni cha paa: nani anagharamia kuzishusha na kuzirudisha paneli zege likivuja? Kwenye mkataba wangu ilikuwa mkodi, na kazi ifanywe na mafundi wa kampuni tu. Cha pili ni wizi na radi. Mikataba mingi humbebesha mkodi hasara yote, wakati bima ya nyumba haihesabu paneli zisizo zako mpaka zitajwe kwa jina.

Sasa panda juu. Chukua fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ya daraja la T3, asiyekuwa wa kampuni ile. Paneli juu ya paa la makuti hutaziona, makuti hayabebi uzito huo na moto wake unajulikana. Kwa kawaida zimewekwa kwenye zege au kwenye mabati ya kibanda cha gari. Mwelekeo usikusumbue. Malindi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi mwaka mzima, na paneli inayotazama kaskazini na inayotazama kusini hazipishani sana. Kinachotakiwa ni mwinamo wa nyuzi 10 hivi ili mvua ioshe. Zilizolazwa bapa huweka utepe wa tope ukingoni, na utepe huo hula umeme.

Chumvi ndiyo adui. Tazama bolti moja moja. Za chuma cha pua cha daraja la 316 zinavumilia; za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, zikikaa kwenye reli ya alumini na upepo wa kusi ukizipiga, hutoa kwanza unga mweupe, kisha kutu inayoteremka kama machozi ya wanja kwenye zege. Zishike kwa spana. Mbili za kwangu zilikatika kichwa kwa mkono, na hilo likaingia kwenye orodha ya matengenezo ya muuzaji. Viunganishi vya nyaya chini ya paneli vifunguliwe: pini iliyogeuka kijani au plastiki iliyolainika ni dalili ya joto, hasa mahali walipounganisha dume la kampuni moja na jike la nyingine.

Vipimo vifanyike saa sita mchana. Paneli zile zinaandikwa volti 49.6 zikiwa hazina mzigo, kwa hivyo 6 mfululizo ni karibu 298. Lakini hiyo ni kwa nyuzijoto 25, na paneli juani Malindi hufika 60. Tarajia 265 hadi 275. Ukipata kama 255, dayodi moja, kijifaa kilichomo ndani ya paneli, imeungua na theluthi ya paneli imekufa. Ukipata 225, paneli nzima haipo kwenye mstari. Kivuli hutakiona kwenye volti, kinaonekana kwenye ampea, kwa hivyo rudi saa kumi jioni mvinje au mnazi wa jirani unapoanza kutupa kivuli upime mzigo ukiwa umewashwa. Tazama pia nyufa za nyota kwenye kioo. Kunguru wa mji huu wana mchezo wa kudondosha mifupa na maganda kutoka juu.

Betri usiiamini kwa asilimia inayoonyesha skrini. Ijaze hadi 100, zima umeme wa KPLC kwenye meinswichi usiku, washa mzigo wa kilowati 2 usiobadilika, hita mbili za maji za wati 1,000 zinafaa, na uhesabu muda. Betri nzima ya ukubwa ule itabeba saa 2 na kubakiwa na asilimia 15 hivi. Ikizima kwenye saa 1 na dakika 20, imebakiwa na kama asilimia 57 ya uwezo wake. Betri iliyofungiwa kwenye stoo isiyo na dirisha, ukuta wake ukipigwa na jua la jioni, huzeeka kabla ya wakati.

Njia za kumaliza zilikuwa tatu. Kuurithi mkataba kwa makubaliano ya pande tatu, na hapo kampuni itataka ripoti yako ya CRB, ofisi ya kumbukumbu za mikopo, na taarifa za M-Pesa, na muuzaji lazima aachiliwe kwa maandishi. Kuuondoa mtambo, kwa masharti kwamba matundu yote yazibwe na kupakwa dawa ya kuzuia maji kabla ya kulipa. Au muuzaji alimalize deni kwenye bei. Nilichagua ya tatu, kwa sababu salio la kumalizia mapema lilikuwa chini ya bei ya mtambo mpya. Lingezidi, ningemwambia aung'oe.

Kifungu kiliingia kwenye mkataba wa mauzo kabla ya ile amana ya asilimia 10, si baada yake: salio likatwe kwenye bei, mawakili walipe kampuni moja kwa moja, na barua ya kampuni ya kukiri kumaliza iwe miongoni mwa hati za kukamilisha, pamoja na hati asili na cheti cha reti za kaunti. Angalia tarehe. Barua ya salio huwa na uhai wa siku 30 hivi, na mauzo huchukua 90. Omba mpya wiki ya kukamilisha. Mtambo pia uandikwe kivyake, na bei yake. Sababu ni kwamba ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, unatozwa kwa thamani ya ardhi na majengo.

Kuna kitu ambacho mawakili hawakijui: kufuli. Inveta ya namna hii huwasiliana na kampuni kupitia kile kijiti, na nyingine zikikosa kuwasiliana kwa siku kadhaa hujifunga hata kama deni limekwisha. Nilitaka namba ya kufungua kabisa iletwe kabla pesa ya mwisho haijatoka, kisha tukakichomoa kile kijiti na kuiacha inveta ifanye kazi bila mtandao wiki nzima. Fundi aliongeza pia swichi ya kuchagua kati ya sola na KPLC, kwa kuwa inveta iliyofungwa inaweza kukata hata umeme wa tokeni unaopitia ndani yake.

Baadaye ni mambo madogo. Akaunti ya programu ya simu ihamishiwe barua pepe yako na nywila ibadilishwe. Mita ya KPLC iandikwe jina lako. Kampuni ifute ilani kwenye daftari, kisha pekua tena mwenyewe. Na paneli zioshwe asubuhi na mapema kwa maji ya mvua au ya bomba la Baricho, kamwe si ya kisima cha ufukweni, labda unataka kuzipaka chumvi kwa mkono wako.