Tuwapokee Kwanza Watoto Waliohama

Baada ya mashambulizi ya Juni 2014 katika eneo la Mpeketoni, familia nyingi za Lamu, pwani ya Kenya, zilihama makwao, na shule za vijiji vya jamii ya Waboni kama Basuba na Mangai zikafungwa kwa sababu ya usalama. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lakini kinachomkwamisha aliyehama mara nyingi ni karatasi tu: mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, NEMIS, umekuwa ukidai nambari ya cheti cha kuzaliwa, na cheti chenyewe huenda kiliteketea pamoja na nyumba, au hakikuwahi kuchukuliwa.

Nawaomba walimu wakuu wetu, kwa heshima zote, wampokee kwanza mtoto darasani, kisha wamwandikie mzazi barua ya kupeleka kwa chifu ili asaidiwe kutafuta cheti. Sare nayo isiwe kizuizi. Shati lenye nembo ya shule aliyoikimbia halimzuii kusoma. Mwalimu amketishe karibu na mwenzake anayejua Kiboni, ikiwa ndiyo lugha ya kwao, na asimwulize mbele ya wenzake yaliyomkuta. Hilo, kwangu mimi, ndilo zito kuliko yote.