Mfuko wa Dawa wa Mama

Mama yangu ana miaka 74 na anaishi Bombo, mji wa Uganda kaskazini mwa Kampala, katika nyumba ileile aliyotulelea. Ana shinikizo la damu na kisukari, na magoti humsumbua, hasa msimu wa mvua. Matibabu katika vituo vya serikali ya Uganda hayalipiwi tangu 2001, lakini kituo kikiishiwa dawa hulazimika kununua, na zile shilingi 25,000 za kila mwezi ambazo serikali huwapa wazee huanza mtu akifikisha miaka 80. Kwa hiyo nilijipa kazi moja tu: dawa zisimwishie mama. Nilizinunua Kampala, nikampelekea, nikarudi nimeridhika.

Mwaka jana alianguka alfajiri alipoinuka kwenda kutia udhu. Hakuvunjika mfupa, alhamdulillahi. Tabibu aliyempokea alitaka kwanza aone dawa zote, nami nikaumwaga mfuko mezani. Zilikuwamo amlodipini, dawa ya presha, zenye majina mawili tofauti ya viwandani, moja ya kituoni na nyingine niliyonunua mimi, na mama alikuwa akizimeza zote mbili kila asubuhi kwa utiifu mkubwa. Chini kabisa, ndani ya bahasha ya kaki isiyoandikwa neno lolote, tulikuta diklofenaki, dawa ya maumivu, aliyouziwa kwa ajili ya magoti. (Bahasha hizo zisizo na jina la dawa hunikera kuliko ninavyoweza kueleza hapa.)

Tabibu alieleza kwamba diklofenaki, kama ilivyo ibuprofeni, huufanya mwili uzuie chumvi na maji, hivyo hupandisha presha, na huzielemea figo ambazo kisukari nacho huzidhuru. Kisha alimpima presha ameketi kwa dakika tano, mgongo umeegemea na miguu iko sakafuni, akapata 138 kwa namba ya juu. Alipomsimamisha na kumpima tena baada ya dakika tatu, ikawa 112. Kushuka kwa 20 au zaidi mtu anaposimama ni dalili tosha ya hatari ya kuanguka, nami miaka yote hiyo sikuwahi kuona mama akipimwa akiwa wima.

Amlodipini ikabaki moja, diklofenaki ikaondolewa, na magoti yakapewa parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Kuhusu sukari, nilishangaa kusikia kwamba kwa mzee kuishusha mno huweza kuwa hatari kuliko kuiacha juu kidogo. Mama hutumia glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, na hupenda kulala bila kula, na sukari ya damu ikishuka chini ya 4 mmol/L hutokwa jasho na kuchanganya maneno, jambo ambalo sisi watoto tulilihesabu kuwa uzee.

Tuligundua pia kwamba alikuwa na madaftari mawili ya hospitali, moja la kituoni na jingine la kliniki ya binafsi, na hakuna daktari aliyewahi kuona lile la mwenzake. Sasa lipo moja, lenye orodha ya dawa kwenye ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa, kwa kuwa macho yake yamefifia. Juma lililopita jirani alimletea vidonge vya magoti vilivyomfaa jirani mwenyewe. Mama alimshukuru, akamkaribisha chai, akamwekea daftari mapajani na kumwomba atafute kama jina la vidonge vile limo.