Dhamira ya ulezi

Jana usiku nimemaliza kusahihisha pepa 46 za fomu foo, swali la insha tu, na nikikutana tena na ile sentensi ya "Fasihi ni sanaa inayotumia lugha kufikisha ujumbe kwa hadhira iliyokusudiwa" narusha kalamu dirishani. Wote 46 wameanza hivyo hivyo. Kuna mmoja insha nzima ina mistari sita na miwili ndo hiyo. Afu upepo wa Dodoma mwezi huu wa saba mnaujua, nasahihisha huku nimekandamizia pepa na mfuniko wa sufuria, vumbi linaingia mpaka kwenye chai.

Sasa sikieni la ulezi. Swali lilikuwa la kawaida, jadili dhamira kwa kutumia vitabu viwili, hoja tatu kila kitabu, na wengi walichukua Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo na Ngoswe ya Edwin Semzaba. Naenda vizuri, umaskini, tiki, nafasi ya mwanamke, tiki, mara nakutana na "Dhamira nyingine ni ulezi. Mzee Lomolomo anapenda ulezi kuliko familia yake." Lomolomo ndo yule baba mlevi kwenye Mama N'tilie, nikacheka nikasema huyu kakosea herufi moja, alitaka ulevi, kaandika nafaka. Pepa iliyofuata, ulezi. Ya tano, ulezi. Nilipofika ya 20 nilikuwa na ulezi kumi na moja mezani, gunia zima, nikajua hapa kuna kijitabu. Na kweli kipo, kile cha uchambuzi wanachouziwa 1,500 steshenari, fotokopi ya fotokopi, ile v imefifia mtu akaijazia kwa kalamu ikawa z, basi darasa likameza na z yake.

Leo asubuhi nikawauliza, jamani huo ulezi ndo nini? Kimya. Dogo mmoja wa nyuma akasema, "Madam, si ndo wanatengenezea pombe?" Nikakosa la kusema, maana kimea cha ulezi huku kwetu nani hakijui, na kusema ukweli jibu lake lilikuwa na akili kuliko hicho kijitabu.

Siwacheki lakini. Maktaba yetu ina nakala saba za Mama N'tilie, moja inaanzia ukurasa wa 19, wanafunzi 46, we piga hesabu mwenyewe. Afu mimi ni nani wa kunung'unika, si ndo mimi niliyesimama ubaoni nikawaandikia dhamira ya kwanza, ya pili, ya tatu, chini yake ujumbe, chini yake falsafa ya mwandishi, wakanakili, nikafuta nikaandika tena. Na marking skimu nayo iko hivyo hivyo, ina orodha, hoja ikiwa kwenye orodha inapata alama, isipokuwepo unaanza kutafuta pa kuichomeka. Mtoto mwenye akili anajua kabisa kwamba kusoma kitabu chote ni hasara ya muda.

Kilichonichekesha zaidi ni hitimisho. Nusu ya darasa wamemaliza na "hivyo serikali haina budi kufuta ada ili watoto kama Peter na Zita wasifukuzwe shule". Peter na Zita, ndo hao watoto wa Mama N'tilie, kweli walirudishwa nyumbani kwa ada na sare, hilo limo kitabuni. Ila hawa walioandika hawajawahi kulipa ada ya sekondari hata siku moja, imefutwa toka Januari 2016, kabla ya hapo shule ya kutwa ilikuwa elfu 20 kwa mwaka. Yaani wanaidai serikali kitu wanachokitumia kila siku, kwa sababu kijitabu kiliandikwa zamani na hakuna aliyekikagua.

Wawili tu ndo waliniamsha. Wa kwanza aliandika Ngoswe. Mnaijua, karani wa sensa anaenda kijijini, anamkuta Mazoea, kazi inasahaulika, anatoroka na binti wa watu, baba mtu Mzee Mitomingi anapandwa na hasira anachoma karatasi zote za sensa. Dogo kaandika uzembe kama wenzake, afu akaongeza kwamba kwenye sensa ya 23 Agosti 2022 makarani walikuja kwao na vishikwambi, kwa hiyo Mitomingi wa leo angekuwa hana cha kuchoma, "lakini Ngoswe bado yupo, sababu penzi halijawekwa kwenye kishikwambi". Nikaweka kalamu chini kwanza. Kwenye skimu haimo hiyo. Na hivyo vishikwambi baada ya sensa tuligawiwa walimu, hiki hiki ndo naandikia sasa hivi, kioo kimepasuka kona. Mambo Ngoswe bana.

Wa pili ni binti, mama yake anauza chakula pale Majengo. Hakuanza na fasihi ni sanaa (alianza, ila aliikata kwa mstari mmoja). Akaandika kwamba watu wote wanasema kitabu hiki ni cha umaskini, yeye anaona ni cha jina. Kwamba yule mama kwenye jalada hana jina lake, anaitwa kwa kile wateja wanachomwambia, mama nitilie wali, mama nitilie mchuzi, mpaka agizo likawa ndo jina. Akasema mdogo wake wa chekechea aliulizwa na mwalimu mama anaitwa nani akajibu Mama Ntilie, darasa likacheka, na mama aliposimuliwa alicheka pia, "ila jioni ile alisahau kutia chumvi kwenye maharage".

Miaka tisa nafundisha hicho kitabu. Sijawahi kusimama kwenye hilo jina nikalitazama, nalitamka tu napita.

Hoja zake za kitabu hicho zilikuwa mbili, jina na ada, skimu inataka tatu. Nikampa 10 kati ya 15, nikafuta nikaandika 11, nikairudisha 10 kwa sababu pepa zinapitiwa na mwenzangu na angeniuliza. Mwenye ulezi mmoja, yule mwenye hati nzuri, kapata 12, hoja zake zilitimia na ulezi niliusahihisha nikampa.

Leo mchana nagawa pepa, binti kaangalia yake, akanifuata mpaka mlangoni.

"Madam, hoja ya tatu ilikuwa ipi?"

Nikamwambia ulevi, Lomolomo si ndo mlevi mwenyewe, ungeandika tu ukachukua alama zako.

"Niliiona madam," akasema. "Ila kwetu hakuna anayekunywa, nikaona nitakosa cha kusema."