Uso wangu leo

Nimerudi nyumbani sasa hivi, mashavu bado yanawaka.

Jana usiku nilipaka dawa ya kuchubua uso, asidi ya glaikoliki 30%. Aliyeniuzia alisema niiache dakika 10. Ya tatu tu nikahisi kama nimepakwa pilipili.
Nikavumilia. Kwa nini nilivumilia, jamani?

Asubuhi nikatoka Uyole kwenda Mwanjelwa, na baridi hii ya Mbeya, upepo mkavu. Nilipotabasamu kumsalimia konda, ngozi pembeni ya mdomo ikapasuka. Kipande chembamba kama ganda la kitunguu kikabaki kinaning'inia.

Mama aliponiona hakunigombeza. Alichovya kitambaa kwenye maji baridi, akanigandamizia shavuni taratibu, kimya.
Hapo ndipo nikalia.

Miaka yote nilikuwa napaka parachichi la Tukuyu na asali, basi. Ngozi ilikuwa laini, nikaona haitoshi.

Sasa ni mafuta ya mgando na kofia pana. Ngozi iliyochubuliwa haitaki jua, na huku kwetu milimani jua ni kali hata kukiwa na baridi.

Aliyewahi kupitia hili, ilichukua siku ngapi kutulia? Ulipaka nini? Niambieni, wapendwa.