Siku moja maishani mwangu: mwanafunzi kwenye ukaguzi wa hesabu

Saa 1:30 asubuhi

Timu yetu inakutana kwa mteja, kampuni inayouza vipuri vya mashine. Leo ni siku ya mwisho ya mwaka wake wa fedha, kwa hiyo stoo inahesabiwa. Kiongozi wa timu ananigawia kazi: asubuhi niwe stoo naye, mchana nikae na hati za malipo. Niko mafunzo kwa vitendo, na siku kama hii nilikuwa naisubiri.

Saa 2:00 asubuhi

Milango ya kupakia imefungwa. Hakuna kinachoingia wala kutoka. Kabla ya kuhesabu chochote naandika namba mbili: ya hati ya mwisho ya kupokelea bidhaa na ya hati ya mwisho ya kutolea. Hizo ndizo mpaka wa mwaka. Mzigo utakaopokelewa baada ya hapo ni wa mwaka ujao, na ankara yake haitakiwi kuonekana kwenye hesabu za mwaka huu.

Watu wengi hudhani mkaguzi ndiye anayehesabu stoo nzima. Sivyo. Wanaohesabu ni wafanyakazi wa mteja. Sisi tunaangalia wanavyofanya, kisha tunahesabu upya sampuli tuliyoichagua wenyewe. Karatasi zao za kuhesabia hazina idadi iliyomo vitabuni, na ndivyo inavyotakiwa, maana ukishamwonyesha mtu jibu, macho yake yatalitafuta.

Sampuli naichukua pande mbili. Kwanza natoka kwenye orodha kwenda rafuni, nijue kama kilichoandikwa kipo kweli. Halafu natoka rafuni kwenda kwenye orodha, nijue kama kilichopo kimeandikwa. Darasani nilikariri hayo kwa ajili ya mtihani. Hapa nayaona kwa macho: ukienda upande mmoja tu, bidhaa hewa zitakuponyoka, au mali iliyosahaulika itakuponyoka.

Kwenye kona kuna maboksi ya beringi yamepangwa hadi juu. Naomba tufungue ya katikati na ya chini, si ya juu peke yake. Yote yamejaa, idadi inalingana na orodha. Lakini karatasi zilizofungia beringi zimekuwa za njano na grisi imekauka. Mzee anayetunza stoo ananiambia, "Hizi, mwanangu, mashine zake zilishaacha kutengenezwa." Naandika maneno yake kama alivyoyasema. Zipo, hilo halina ubishi. Swali ni kama bado zina thamani iliyoandikwa, kwa sababu IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu bidhaa zilizo stoo, inataka bidhaa ziandikwe kwa gharama yake au kwa kiasi halisi kinachotarajiwa kupatikana zikiuzwa, chochote kilicho kidogo.

Sababu ya sisi kusimama kwenye vumbi hili ina historia. Mwaka 1938 huko Marekani iligundulika kwamba kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins ilikuwa na mali hewa ya takriban dola milioni 19, bidhaa na wadaiwa ambao hawakuwapo. Wakaguzi walikuwa wameangalia makaratasi tu. Mwaka 1939 wahasibu wa Marekani wakafanya kushuhudia uhesabuji wa bidhaa na kuwaandikia wadaiwa wathibitishe madeni yao kuwa sehemu ya kawaida ya ukaguzi.

Saa 7:00 mchana

Mapumziko. Naosha mikono, nakula, narudi.

Saa 8:00 mchana

Hati za malipo. Kwa kila malipo kwenye sampuli natafuta karatasi tatu: oda ya ununuzi, hati ya kupokelea bidhaa na ankara. Idadi zikubaliane, bei zikubaliane, jina la muuzaji liwe lilelile, na aliyeidhinisha awe na mamlaka ya kiasi hicho. Kazi ni ya kurudiarudia, na mimi naipenda. Baada ya muda jicho linazoea sura ya hati ya kawaida, na isiyo ya kawaida inajitokeza yenyewe.

Wenzangu chuoni huniuliza nimekamata wezi wangapi. Hiyo si kazi yetu ya msingi, ingawa hatutakiwi kufumbia macho dalili za udanganyifu. Tunatafuta uhakika wa kuridhisha kwamba hesabu hazina kosa kubwa la kumpotosha anayezitegemea: mwenye hisa, benki, hata mfanyakazi anayetaka kujua kama ajira yake iko salama. Watu hao hawawezi kuingia stoo. Tunaingia kwa niaba yao.

Saa 10:00 jioni

Tunaandaa barua za kuthibitisha salio la benki. Mteja anasaini ruhusa, lakini anayezituma ni sisi, na majibu yanarudi kwetu moja kwa moja. Mwaka 2020 kampuni ya Wirecard ya Ujerumani ilianguka baada ya kubainika kwamba euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwa benki huenda hazikuwahi kuwapo. Tangu nisome habari ile, sioni barua hizi kama kazi ya tarishi.

Saa 11:30 jioni

Kiongozi wa timu anapitia karatasi zangu za kazi. Kipimo chake ni cha ISA 230, kanuni ya kimataifa ya ukaguzi kuhusu karatasi za kazi: mkaguzi mzoefu ambaye hakuhusika kabisa na ukaguzi huu aweze kuzisoma na kuelewa tulichofanya na tulichohitimisha. Kwenye beringi ameacha swali: "Maneno ya mtunza stoo ni mwanzo. Ushahidi mwingine uko wapi?"

Namwendea mhasibu, naomba orodha ya mauzo ya beringi hizo kwa miaka miwili. Ataitoa kesho saa 3 asubuhi. Ikionyesha kwamba haziuziki, au zinauzwa chini ya gharama, tutamwomba mteja ashushe thamani yake kabla hesabu hazijafungwa.