Siku Biji Alipoomba Maji Anandpur

Jana nililisugua kwa majivu karai la Biji, bibi yangu mzaa baba. Masika ya Mombasa hayana huruma na chuma. Ukilisahau karai kidogo tu, kutu imeshalivaa. Ile harufu ya chuma kilicholowa ikanijaa puani, nikamwona Biji kabisa, amechuchumaa kwenye vumbi la farasi kule Anandpur, Punjab, India, anatazamana na Mnihangi, mmoja wa wapiganaji wa dini yetu ya Sikh.

Ilikuwa Machi 1999, wakati wa Hola Mohalla, sikukuu yetu ya michezo ya kivita, mwaka ambao Khalsa, jumuiya ya Wasikh waliokula kiapo, ilitimiza miaka 300 tangu Guru Gobind Singh aianzishe palepale Anandpur. Safari yenyewe haina la kusimulia: ndege, treni, basi, na jamaa za Baba kule Jalandhar ambao Biji aligoma kula kwao, wakanuna. Walikuwa wamempikia dengu na mboga, bila nyama wala yai. Lakini sufuria zao zilikuwa za chuma cha pua, na aliyepika hakuwa amekunywa amriti, yale maji matamu ya kuingizwa katika Khalsa. Biji akashinda kwa njugu na ndizi alizomenya mwenyewe.

Mliomjua Biji hamshangai. Alikuwa mtu wa Akhand Kirtani Jatha, kundi la Wasikh wenye kanuni kali, njia ya Bhai Randhir Singh, yule aliyefungwa na Waingereza akakataa chakula cha jela kisichopikwa kwa kanuni zake. Kwao nyama yoyote ni mwiko, chombo ni chuma kitupu, na keski, kile kilemba kidogo, ni moja ya alama tano za imani, kwa mwanamume na mwanamke sawasawa. Ndiyo maana Biji alifunga kilemba maisha yake yote. Watoto wa mtaani walimwamkia "shikamoo babu", naye akaitikia marahaba bila kinyongo.

Baba alimheshimu sana mama yake, lakini yeye alishika Rehat Maryada, mwongozo wa mwenendo wa Wasikh, ile iliyopitishwa Amritsar mwaka 1945 na kamati inayosimamia magurudwara, nyumba zetu za ibada, baada ya miaka mingi ya kuandika na kubishana. Hiyo inakataza kutha, yaani nyama iliyochinjwa kwa kisomo cha Kiislamu. Nyama yenyewe haikatazi. Sasa ishi Mombasa, ambako mabucha karibu yote ni ya halali! Baba alikuwa akinunua kuku hai Kongowea na kumkata kichwa kwa pigo moja uani; hiyo ndiyo jhatka. Siku hiyo Biji alihamia chumbani akafunga mlango. Majirani hawakuweza kula nyama yetu wala sisi yao, tukabaki kupelekeana mandazi, kaimati na maembe. Hakuna aliyeona vibaya. Shida ilikuwa humu ndani, ambako wote tuliinama mbele ya Guru Granth Sahib mmoja, kitabu chetu kitakatifu, lakini hatukuweza kula sufuria moja.

Basi tukafika Anandpur. Wanihangi walikuwa wamejaa, mavazi ya buluu, vilemba virefu vilivyozungushiwa pete za chuma, panga, mikuki, farasi wanaokimbizwa wawili wawili na mpanda farasi amesimama mguu huku na mguu kule. Biji alishikwa na kiu tukiwa kwenye kambi ya Budha Dal, moja ya majeshi ya Wanihangi, na maji aliyoyabeba yalikuwa yamekwisha.

Kando ya farasi aliketi Mnihangi mzee. Baba akamwamkia, akamuuliza yuko na wenzake wangapi.

"Laki moja na robo," akajibu. Alikuwa peke yake. Ndivyo wanavyohesabu wao: Singh mmoja ni jeshi zima.

Baba akamweleza kwamba mama ana kiu. Mzee akanyanyuka, akajaza bakuli lake, akampa. Biji hakulipokea.

"Singh ji, umekunywa amriti?"

"Nimekunywa, Mataji. Nawe?"

"Nimekunywa. Nyama mnakula?"

"Asubuhi tumekata mbuzi. Jhatka." Wala hakupunguza sauti.

Nilijua tunaondoka. Nilishaanza kuokota mfuko. Lakini Biji alikuwa analitazama lile bakuli. Lilikuwa chuma kitupu, jeusi, limelika ukingoni. Kile alichokikosa kwa ndugu wa damu kule Jalandhar kilikuwa mkononi mwa mtu aliyetoka kula mbuzi. Akafungua kitambaa chake, akatoa bakuli lake mwenyewe, nalo la chuma. Mzee akaliona akanyamaza. Akanyoosha mkono alishike, Biji akatikisa kichwa. Sikuona uso wa mtu ukifurahi kwa kukataliwa kama ule. "Vyema, Mataji," akasema. "Vyema kabisa."

Palikuwa na pampu ya mkono hatua chache kutoka hapo, na yenyewe chuma, nyekundu kwa kutu. Wakaenda wote wawili. Kila mmoja akachota majivu mekoni, akachuchumaa, akaanza kusugua bakuli lake. Hawakuwa na haraka. Ndani, nje, chini, kisha ukingo kwa kidole gumba, mara moja, mara ya pili. Nilikuwa nimeuona mwendo ule kila siku ya maisha yangu kwenye sinki yetu Mombasa, na sasa niliuona kwa mzee ambaye hajawahi kuiona bahari, kidole gumba kikipita palepale. Baba alisimama pembeni na gilasi ya plastiki ya maji ya miwa, hajui aifiche wapi.

Mzee akashika mpini akapampu, Biji akakinga. Biji alipojaza, akaweka bakuli lake juu ya jiwe, akashika mpini yeye, akampampia mzee. Bakuli halikugusa bakuli. Wakaketi, nafasi ya mtu mmoja kati yao, wakasema Waheguru, jina la Mungu, wakanywa.

Sijaona watu wawili wakiheshimiana namna ile bila hata mmoja kulegeza kitu.

Halafu mzee akamtolea Baba kinywaji cha kijani kwenye kikombe cha chuma, wanachokiita shaheedi degh. Ni bangi iliyosagwa na lozi na viungo. Wanihangi wanasema ni urithi wa vita. Maryada inakataza ulevi wa kila aina, bangi imetajwa kwa jina. Baba akakunja mikono, akashukuru, akakataa. Biji naye alikuwa ameshageuza uso. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Kwenye chuma, Biji na mzee walikuwa upande mmoja. Kwenye mbuzi, mzee na Baba. Kwenye bangi, Biji na Baba. Na kama tungefika kwenye Ragmala, zile beti za mwisho wa Guru Granth Sahib ambazo watu wa Biji hawazisomi, angebaki Biji peke yake. Miaka yote nilidhani kuna mstari mmoja, wakali huku na walegevu kule. Pale kambini mistari ilipita katikati ya kila mtu.

Mzee akanigeukia. "Na huyu binti?"

"Huyu bado," akasema Biji.

"Huyu ni Kaur," akasema Baba, wakati uleule, kwa jina wanalopewa wanawake wa Kisikh.

Mzee aliwatazama wote wawili, akanitazama mimi, msuko wangu na mtandio wangu. Akangoja. Nilikuwa na umri wa kuweza kujibu, na hakuna aliyenizuia.

Nikasema nina kara, bangili yetu ya chuma. Nikaunyoosha mkono. Akalishika kara langu kwa vidole viwili, akaligonga kwa ukucha kusikiliza kama ni chuma, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa farasi wake.

Biji hakunisema njiani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, wala hakunilazimisha keski hata siku moja, ingawa alikuwa nayo moja iliyokunjwa kabatini, nyeupe, na sote tulijua ni ya nani. Sasa ninayo mimi. Nywele sijazikata, kara sijalivua, amriti sijanywa. Si kwamba sitaki. Ni lazima ninyweshwe na watano, Panj Pyare, na watano hao ni lazima watoke mahali fulani. Wa Biji watanitaka nifunge keski na niache kuku wa Baba. Wa Maryada hawatanidai keski, na kwao mwanamke anaweza hata kuwa mmoja wa hao watano, jambo ambalo wale wa Budha Dal hawalikubali. Nimewauliza wengi, na kila mmoja amenijibu kwa uhakika mkubwa, akiwa na Guru yuleyule kinywani. Mwezi wa nne kuna amriti gurudwarani Nairobi. Jina langu nimelitoa, halafu nikapiga simu kuuliza ni akina nani watakaokaa mbele. Bado hawajaniambia.