Pointi zinapotelea chini ya gari: kuandaa Datsun 240Z kwa mashindano ya umaridadi

Boneti ya gari la zamani ikishang'aa hadi unajiona uso, mwenye gari huanza kuota kombe. Jaji hana haraka na boneti, maana kila aliyefika uwanjani ameing'arisha yake. Yeye anapiga goti, anapitisha kitambaa cheupe nyuma ya difu, kisha anakitazama. Pointi zinapotelea huko: chini ya gari, ndani ya rimu, kwenye bawaba za milango, kwenye saa ya dashibodi ambayo haijatembea miaka na miaka. Kwa hiyo hapa tunaanzia chini. Rangi itangoja zamu yake.

Nimechukua Datsun 240Z kama mfano kwa sababu ni gari la michezo lenye jina katika ukanda wetu. Lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, likarudia mwaka 1973 na Shekhar Mehta. Tena mitambo yake haitishi. Injini ni L24, silinda 6 za mstari, cc 2,393, kabureta mbili za Hitachi za aina ya SU. Fundi aliyezoea Nissan za zamani ataielewa bila kuhangaika.

Kwa mtu wa Mwanza, shindano kubwa la jirani ni Africa Concours d'Elegance la Nairobi, linaloandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo ya Kenya katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Si lazima uwe na Alfa. Omba kanuni mapema uzisome kabla hujanunua hata msasa, kwa sababu kuna mashindano yanayotilia mkazo usafi na hali ya gari, na mengine yanakata pointi kwa kila nati isiyo ya kiwandani. Ukitengeneza gari kwa kanuni zisizo zake, fedha imekwenda na maji.

Anza na namba. Chesisi ya 240Z ya usukani wa kulia huanza na HS30, nayo imegongwa kwenye bati linalotenganisha injini na kabini. Namba ya injini iko upande wa kulia wa bloku, kuelekea nyuma, na inatakiwa ifanane na ile ya kibati kilichomo kwenye chumba cha injini. Zisipofanana bado unaweza kushindana, ila usimwambie jaji kwamba injini ni ya tangu kiwandani. Fungua faili: picha za gari kabla ya kuguswa, picha za kila hatua, risiti za vipuri. Jaji akitilia shaka rangi au kitambaa cha siti, faili ndilo litakalokutetea.

Sasa kutu. Gari hili huoza mahali palepale siku zote, kwa hiyo huna haja ya kupapasa. Tazama chini ya betri, asidi inapodondokea. Tazama sakafu chini ya kapeti, reli zinazopita chini ya sakafu hiyo, kona ya bodi kati ya mlango na tairi la nyuma, beseni la tairi la akiba, na bati la chini ya mlango wa buti. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima linalia, bovu linatoa sauti iliyokufa. Kisha pitisha sumaku ndogo. Isiponata, umeshafika kwenye puti, ule ujazo unaofichia mabonde ya bati.

Watu wa ziwani hujidanganya kwamba kwa kuwa Ziwa Victoria ni maji baridi, kutu ni tatizo la Dar na Tanga. Chumvi kweli hatuna, lakini unyevu upo tele. Bati ulilolisugua jioni likabaki wazi, asubuhi utalikuta limeshaanza kupata wekundu, hasa gereji ikiwa Kirumba au Capri Point karibu na maji. Kata bati bovu hadi ufikie zima, chomelea kipande kipya cha unene wa mm 0.8, na siku hiyohiyo upige praima ya epoksi. Unapochomelea usivute mstari mrefu. Weka nukta moja, ruka sentimita 3, weka nyingine upande wa pili, acha bati lipoe ndipo urudi. Fundi anayeunganisha mstari mzima kwa mkupuo anakuachia bati lililojikunja, na mkunjo huo utaufidia kwa puti. Puti isizidi mm 2. Ikizidi, ndani ya miezi michache itapasuka au itazama, na jaji atauona mstari wake akilitazama gari kwa mshazari.

Kwenye betri, kabla ya kuchomelea chochote, zima nguvu ya asidi kwa bikaboneti ya soda (ile ya kuokea). Vijiko vitatu vya chakula ndani ya lita moja ya maji ya uvuguvugu vinatosha. Mwaga, ngoja povu liishe, suuza, rudia hadi povu lisitoke tena. Ukiruka hatua hii, rangi mpya itavimba malengelenge mahali hapohapo.

Kuna mazoea mawili ya gereji zetu ambayo yanaua pointi. La kwanza ni kupaka lami nyeusi nene chini ya gari "ili kuzuia kutu". Lami hiyo inafunika kutu, inahifadhi unyevu nyuma yake, na jaji mzoefu akiiona anaanza kutafuta unachoficha. La pili ni kupiga dizeli au oili chafu chini ili kung'ae. Kunang'aa siku moja, halafu dizeli inavimbisha bushi za raba, vumbi linanata, na kile kitambaa cheupe kinatoka cheusi. Safisha kwa sabuni ya kuondolea grisi, brashi ya nailoni na subira. Sehemu ndogo zifungue uzisafishie mezani: bawaba, vishikio vya ekzosi, vifuniko vya shokapu. Mashine ya maji ya presha iweke mbali na beringi za magurudumu na distribyuta, kwa sababu maji yakipenya sili hayatoki kirahisi. Wala usiende kuoshea ziwani. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa maji, na oili yako haina kazi kwenye sangara wa mtu.

Rangi. Gari la 240Z lilitoka kiwandani na namba ya rangi kwenye chumba cha injini. Nyekundu, kwa mfano, ni 110. Mpe mchanganyaji namba hiyo, kisha mwambie apige kwanza kwenye kipande cha bati ukitazame juani, kwa sababu namba moja ikichanganywa na watu wawili huweza kutoa rangi mbili.

Mwanza ina adui wa rangi ambaye vitabu vya mafundi wa Ulaya havimtaji: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kama moshi juu ya maji. Hutoka kwa wingi siku za mwezi mwandamo, na upepo ukiwasukuma nchi kavu wanafuata taa. Gereji yenye taa nyeupe inayowaka usiku huku kliakoti (tabaka la juu linalong'aa, lisilo na rangi) ikiwa mbichi inawaita wenyewe. Panga kupiga rangi nje ya siku hizo, na upige asubuhi mapema. Mchana upepo hugeuka ukatoka ziwani kuja nchi kavu, unakuja na unyevu, na Nyakato au Igoma unainua vumbi la barabara. Mwagia sakafu maji nusu saa kabla ya kuanza, lakini isiwe na madimbwi.

Kompresa nayo inatema maji. Ukifunga chujio la maji palepale kwenye tangi, hewa bado ni ya moto na mvuke unapita ndani yake kama haupo. Weka bomba la mita 7 au 8 kati ya tangi na chujio ili hewa ipoe kwanza. Dalili za maji kwenye hewa ni vitundu vidogo kama macho ya samaki, japo silikoni ya kung'arishia tairi nayo huleta vitundu hivyohivyo. Hiyo isiingie kabisa kwenye chumba cha rangi. Kwa joto letu la mchana tumia thina inayokauka polepole. Ile ya haraka inafanya rangi ikauke ikiwa bado hewani na kutua kama unga.

Kliakoti ikikauka kabisa, sugua kwa maji: msasa namba 1500, halafu 2000, halafu 3000, ndipo kompaundi na mashine. Kwenye kingo na mistari ya bodi bandika utepe kwanza, maana huko kliakoti ni nyembamba na mashine inaitoboa kwa sekunde chache. Binafsi ningeacha ukwaru kidogo uleule wa kiwandani. Gari la mwaka 1971 lisilo na chembe ya ukwaru limetengenezwa kupita lilivyozaliwa, na wapo majaji wanaokata pointi kwa hilo.

Baada ya hapo, kanuni ni moja: usifute rangi kavu. Vumbi la Mwanza linatokana na mawe ya graniti, na ndani yake kuna chembe za kwatsi ambazo ni ngumu kuliko rangi na kioo. Kitambaa kikavu juu ya vumbi hilo ni msasa. Osha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ukianzia paa kushuka chini.

Injini haihitaji mengi ikiwa nzima. Klirensi (mwanya) ya valvu injini ikiwa baridi ni mm 0.20 kwa za kuingiza na mm 0.25 kwa za kutoa. Mwanya wa pointi za distribyuta ni mm 0.45 hadi 0.55, wa plagi mm 0.8 hadi 0.9, mpangilio wa kuwaka 1-5-3-6-2-4. Kabureta zianze jeti (kitundu kinachopima petroli) ikiwa imepandishwa hadi mwisho kisha kuteremshwa mizunguko miwili na nusu, zote mbili sawa. Ili kuzisawazisha, shika mpira mwembamba, ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, usikilize mvumo. Rekebisha skrubu za kaba hadi kabureta zote zivume sawa. Wenye kipimo cha hewa watumie kipimo. Mafuta ya breki yafutwe mara tu yanapodondoka kwenye rangi, maana yanaila. Klipu za mipira ya maji ni jambo linalosahaulika: ukifunga za kisasa za utepe wenye meno kila mahali, chumba cha injini kinapoteza sura ya umri wake hata kikiwa safi kama sahani.

Umeme ndio unaoaibisha watu uwanjani, kwa kuwa jaji huomba uwashe kila kitu. Kwenye 240Z mkondo wa taa hupita kwenye swichi na kisanduku cha fyuzi, na ncha za fyuzi zikishika kutu hupata moto hadi plastiki inayeyuka. Zisugue hadi shaba ionekane, au ufunge rilei (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa) na kuificha isionekane. Saa ya dashibodi mara nyingi imekufa kwa sababu oili yake imegeuka gundi. Mpe fundi saa, usimpe fundi umeme. Jaribu honi, waipa kasi zote mbili, indiketa, taa ya namba na taa ya rivasi. Ukisikia harufu ya petroli ndani, chunguza mipira ya mvuke inayopita nyuma ya paneli za buti. Ikiwa ni moshi wa ekzosi, kosa liko kwenye raba ya mlango wa buti au gasketi za taa za nyuma.

Ndani, dashibodi iliyopasuka na jua isifunikwe kwa kifuniko cha plastiki, jaji atakifunua. Plastiki na ngozi bandia zioshwe kwa sabuni laini zibaki na wekundu au weusi wao mkavu, bila mafuta ya kuzing'arisha.

Safari ya Nairobi hupita Magu, Lamadi, Bunda, Tarime hadi mpaka wa Sirari, halafu Migori, Kisii na Narok. Andaa kadi ya gari, kibali cha muda cha forodha na bima ya kuvuka mpaka, ile wanayoiita kadi ya njano, kabla hujafika Sirari. Gari likipanda juu ya trela, usilifunike kwa turubai linalopigwa na upepo. Linasugua rangi njia nzima, na mwisho wa safari kona za mabawa zimepauka. Liache wazi, ulioshe ukifika. Fika siku mbili kabla.

Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Nairobi ni karibu 1,700. Hewa ya kule ni nyepesi, kwa hiyo mchanganyiko uliokuwa sawa Mwanza unakuwa na petroli nyingi na plagi zinatoka nyeusi. Pandisha jeti robo mzunguko kwa kila kabureta, endesha kidogo, chomoa plagi uangalie. Rangi ya kahawia iliyofifia ndiyo unayoitaka.

Siku yenyewe, beba pamba za masikio, vijiti vya meno, brashi ya rangi ya inchi moja, vitambaa safi na kipande cha turubai cha kulalia. Ukishaegesha kwenye nyasi, toa kila jani na jiwe kwenye nyufa za tairi, futa ndani ya rimu, na upepo wa tairi uwe psi 28. Jeki, spana za gari na tairi la akiba viwe mahali pake, safi. Kizimamoto na pembetatu za tahadhari navyo viwepo. Ipashe injini moto kabla ya zamu yako ili iwake kwa mara moja bila choki. Jaji akiuliza, jibu alichouliza, kisha nyamaza. Anayejitetea kabla hajashutumiwa anamwonyesha jaji mahali pa kutazama. Karatasi ya alama ikitolewa, iombe, uipige picha, uanze nayo kazi ya mwaka unaofuata, huku ukikumbuka kurudisha jeti ile robo mzunguko ukishashuka ziwani.